Mplamu wa Velisav

Kila alipomwoza binti, mzee Velisav wa vilima vya Serbia alikata vijiti kwenye mplamu alioachiwa na baba yake, akavifunga kitambaa kibichi, akawakabidhi wakwe wakavipandikize kwao. Bila vijiti, arusi haikuhesabiwa kamili. Majani yalipotoka madoa na matunda kupukutika mabichi, alisema ni jua tu, na pombe wanayopika kwa plamu haichagui sura ya tunda.

Kiangazi hiki alikuja Milunka, mama mkwe wa Slavica, binti mkubwa wa Velisav.

"Mkwe, shamba langu limeingia virusi. Bwana shamba kasema havina dawa, ni kung'oa. Vimeanzia kwenye vijiti vyako."

"Usinitukanie mti wa marehemu baba."

Milunka alichuma tunda moja pale pale mtini, akalipasua, akamwekea kiganjani. Nyama ilikuwa na mabaka mekundu hadi kwenye kokwa.

"Ya kwangu ni hivyo hivyo," akasema, akaondoka.

Velisav aliingia ndani akatoka na shoka. Jioni mti ulikuwa chini. Mkewe, Desanka, akamletea koti.

"Haya, nimemaliza," akasema Velisav.

"Hujamaliza, baba Slavica. Umewaoza mabinti watano. Vaa koti, na shoka usiliache."