Watalaka wa Chumba cha Pasi

Katika chumba cha pasi cha kiwanda kimoja kikubwa cha udobi, shati linalorudishwa na mteja kwa sababu ya mikunjo huitwa mtalaka. "Limerudi kwao hilo," wapiga pasi husema, kisha hulirusha juu ya meza ya Mama Pacha. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini meza hiyo. Mama Pacha ana mkono. Kola aliyoipitishia pasi yeye husimama kama mwenye shati yumo ndani. Alisifiwa, akaongezewa watalaka, akanyamaza. Sifa ni tamu, jamani, hasa kwa mtu asiyepewa kitu kingine.

Ubaya wa mtalaka ni kwamba hahesabiwi. Alishahesabiwa mara ya kwanza, kwa jina la yule aliyempiga pasi ovyo. Basi kila jioni msimamizi alipoandika idadi ubaoni, juu kabisa alikaa bwana mmoja waliyemwita Umeme kwa wepesi wake, na chini kabisa alikaa Mama Pacha, aliyeshinda akinyoosha mashati ya Umeme huyo huyo. Haraka haraka haina baraka, lakini kwenye ubao ule ilikuwa nazo tele.

Jumatatu moja msimamizi alimwita kando ya mtungi wa mvuke, akampa barua. Ilisema kwamba kwa muda mrefu hakufikia lengo, kwamba Ijumaa aende kwa meneja akajieleze, na kwamba akitaka anaweza kufuatana na mfanyakazi mwenzake. Mama Pacha aliisoma amesimama, akaanza tena toka juu, maana macho yalipita na akili ikabaki nyuma.

"Mimi nakutakia mema," msimamizi alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na mwoga akipewa cheo hana tofauti kubwa na mbaya. "Meneja ameandaa karatasi nyingine, ya kuacha kazi mwenyewe. Saini hiyo, upewe na barua ya sifa, uondoke na heshima yako. Ya nini kuvutana na wakubwa?"

Mama Pacha alirudi mezani akaunguza shati. Alama ya pasi ilibaki mgongoni mwa shati, ya kahawia, na wenzake wote wakageuka. Tangu aingie chumba kile hakuwahi kuunguza hata leso.

Nyumbani aliishi na pacha wake wawili, waliokuwa darasa la mwisho, na wifi yake, ambaye hakuhama hata baada ya kaka yake, mume wa Mama Pacha, kufariki. Wifi aliuza mkaa mbele ya nyumba, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko moto wake. Zamani aliajiriwa kwenye ghala la nguo.

"Usaini!" alimaka, akaweka chini kopo la kupimia. "Wifi yangu, mimi nilisaini. Nikaambiwa hivyo hivyo, heshima, heshima. Nilipokwenda ofisi ya kazi kushtaki, yule bwana akaniuliza, 'Mama, nani kakufukuza?' Nikampa karatasi. Akaisoma, akanirudishia. Kumbe nimejifukuza mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

"Sasa nifanye nini, wifi?"

"Nenda ukajieleze. Wewe si kuku, hawawezi kukufukuza kwa kukupungia mkono. Wakuambie kosa, wakusikilize, na kama kweli umepungukiwa wakupe nafasi ya kujirekebisha. Waliwahi kukupa?"

"Hata onyo sikupata."

"Na habari ya hao watalaka, umewaambia wakubwa?"

Mama Pacha aliinamisha kichwa. "Nitamchomea Umeme. Mke wake mjamzito."

"Mficha uchi hazai," wifi alisema. "Na wewe unaficha uchi wa mwanaume mzima, tena si wako!"

Kesho yake alimfuata Umeme kwenye kamba za kuanikia mashuka. Yule bwana alijua kilichomleta kabla hajafungua mdomo.

"Dada, mashati yangu nayajua," alisema, akiangalia shuka. "Lakini nikienda kusema pale, wiki ijayo ni zamu yangu."

"Jina lako silitaji. Njoo tu ukae karibu yangu. Naogopa. Nikiwa peke yangu mbele ya wale watu, nitasaini."

Umeme alinyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo.

Siku zilizobaki Mama Pacha alikuwa roho juu. Watoto wakisemezana aliwakemea, kisha akawaonea huruma. Ijumaa aliingia kwa meneja, akamkuta na msimamizi, na kuona kiti cha pembeni yake kitupu. Meneja alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio uliotisha. Alisogeza karatasi mezani, na kalamu juu yake, imeshafunguliwa.

"Hatutaki kukuaibisha, mama. Hapa chini tu."

Mama Pacha aliona mkono wake ukiifuata kalamu. Alikuwa ameshaigusa, mara mlango ukafunguliwa. Umeme aliingia, fulana imelowa mvuke, akaketi kwenye kile kiti bila kusalimu mtu. Mama Pacha akaurudisha mkono mapajani.

"Sisaini," alisema. Akaeleza habari ya watalaka wote, tangu mwanzo.

Meneja alimgeukia msimamizi. "Hayo yanayorudi yanaandikwa wapi?"

"Hayaandikwi, bosi."

"Na yanatoka meza ya nani?"

Msimamizi alitazama dirisha. "Yanatoka chumba cha pasi," Mama Pacha alijibu haraka.

"Ni yangu," Umeme alisema. "Si yote. Lakini mengi ni yangu."

Meneja aliirudisha karatasi kwenye droo. Alisema mashati yanayorudi yataanza kuhesabiwa, na Mama Pacha atapimwa upya, kwa haki. Mama Pacha alivuta pumzi iliyofika hadi tumboni. Ndipo alipomwona meneja anaandika jina la Umeme.

"Na wewe utapata barua yako Jumatatu."

Umeme aliitikia kwa kichwa tu. Mama Pacha aliona haya kwa ile pumzi aliyoivuta.

"Samahani, bosi," alisema. "Na yeye ataruhusiwa kuja na mwenzake?"

"Bila shaka. Ni haki yake."

"Basi andika kabisa kwamba atakuja na mimi."