Msongamano Nyumbani kwa Baba

Lori la kwanza lilifika saa mbili asubuhi likiwa limebeba saruji, na dereva wake akamwomba mama kwa adabu aondoe ndengu zake barabarani. Ndengu zilikuwa zimeanikwa juu ya turubai katikati ya uwanja wetu, kati ya jiko na kaburi la baba. Mama akamuuliza barabara gani. Dereva akageuza simu akamwonyesha. Palikuwa na mstari mweupe ulioingia kwa lango letu kutoka barabara ya lami, ukapita kando ya jiko, ukapanda juu ya kaburi, ukatokea nyuma ya boma hadi barabara ya chini. Mstari huo ulikuwa na jina. Uliitwa Nyumbani kwa Baba.

Jina niliweka mimi. Nalisema mapema kwa sababu ndugu zangu watalisema hata nikinyamaza.

Boma letu liko nje kidogo ya Kathonzweni, katikati ya barabara mbili ambazo hukutana mbali sana baada ya kuzunguka kijito. Baba alipofariki, waumini walikuja kila siku kwa ibada na mchango wa mazishi, na magari yakakosa pa kugeukia. Ndugu yangu akakata ua wa mnyaa nyuma ya nyumba. Mjomba wetu, ambaye ni mzee wa kanisa na kwa miaka mingi alikuwa ametamani kitu cha kuongoza, akavaa koti la kung'aa, akatafuta filimbi, akatangaza kwamba magari na pikipiki zitaingia kwa lango la mbele na kutoka nyuma, bila mtu kurudi alikotoka. Hata mchungaji alipigiwa filimbi alipojaribu kugeuza gari.

Wageni wa Nairobi wakawa wananipigia kuuliza njia. Wakati huo nilikuwa nimesimama na vijana waliokuwa wakichimba kaburi. Nikabonyeza programu ya ramani nitume mahali nilipo, nayo ikaniuliza mahali hapa panaitwaje. Nilikuwa nalia. Nikaandika Nyumbani kwa Baba, nikatuma kwa kila kundi la simu nililokuwamo, likiwemo la wauza mabati.

Sikujua kwamba programu hizi hujifunza barabara kwa kuangalia simu zinakopita. Yetu iliona simu nyingi zikitoka barabara moja kwenda nyingine, zote upande mmoja, kwa nidhamu ambayo haionekani popote pengine nchini. Ikaamua kwamba hiyo ni barabara, tena nzuri. Basi kila lori lilipopinduka kwenye barabara ya Mombasa na msongamano ukaanza, simu ziliwaambia madereva wakatize mji wa Wote, washuke Makindu, na njiani wapite jikoni kwa mama.

Mama alitaka kitu kimoja tu: gurudumu lisimpande baba. Kaburi lilikuwa bado udongo na mawe, na msalaba wa mbao, maana tulikuwa tumekubaliana kulijengea baada ya mwaka. Alinipigia siku ile ya saruji, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo barabara iliingia na simu yako. Itoe na simu yako."

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Sultan Hamud, na hasira zangu ziko karibu. Niliwaandikia wenye programu. Wakanijibu asante kwa kutusaidia kuboresha safari za wengine. Nikaandika tena kwa maneno makali, wakanitumia nyota ya dhahabu ya mchangiaji bora. Mara ya tatu niliandika kwa Kikamba, na sitasema niliandika nini.

Huku nyumbani wageni waliongezeka. Kwa mama, mgeni hata akija kukanyaga ndengu zako hapewi matusi kabla ya chai. Kwa hiyo kila dereva alikunywa chai kwanza, ndipo akaambiwa hapiti, ndipo akarudi kinyumenyume hadi lami akiangusha kipande cha ua. Baadhi yao wakaandika kwenye ramani kwamba barabara ni mbovu lakini chai ni nzuri. Wakaja wengine kwa ajili ya chai.

Ndugu yangu akasimamisha bango kubwa langoni: HAPA SI BARABARA. Dereva mmoja wa lori la mafuta ya kupikia alilisoma lote, akashuka, akamsalimia mama, akasema, "Lakini Mama, bango si huwekwa kando ya barabara?"

Kilele kilikuwa siku ya jeneza. Jumamosi moja, adhuhuri, msafara wa mazishi uliingia kwa lango letu. Waombolezaji walikuwa wametoka mjini, wengi wao hawajui nyumbani kwa marehemu, na simu ilikuwa imewaambia wamefika. Walishuka wakaona kaburi, viti vya plastiki ambavyo mama alikuwa ameviosha na kuvianika, na mjane aliyevaa nyeusi. Wakaanza wimbo. Mama alishangaa, lakini mtu aliyebeba jeneza hafukuzwi, naye wimbo aliujua. Akaimba sauti ya pili. Mjomba, aliyekuwa amekuja kuomba jembe, alikimbia kwake akarudi na koti la kung'aa na kuanza kupanga magari. Waliomba, wakasoma neno, na ni pale msoma wasifu alipotaja kwamba marehemu alikuwa mwalimu wa kike ndipo mama aliinua mkono taratibu, kama mwanafunzi, akasema kwamba hapa aliyelala ni mwanamume na alikuwa fundi wa viatu. Walikuwa wamekosea kwa umbali wa kijiji kizima. Mama alipanda nao basi, akawaonyesha njia, akazika, akarudi jioni na chakula kwenye mfuko.

Mimi nilicheka niliposimuliwa. Mama hakucheka. Basi lile lilikuwa limekanyaga jiwe la pembeni mwa kaburi.

Halafu akaja kijana wa ofisi ya barabara, mpole, mwenye kishikwambi na viatu visivyofaa miiba. Nilikuwepo siku hiyo. Alituambia kwamba siku hizi barabara za kuwekewa changarawe hazichaguliwi na watu, maana watu wana upendeleo. Zinachaguliwa na mfumo mwerevu unaosoma mienendo ya magari kwenye simu, na katika eneo lote yetu ndiyo imeongoza. Greda lingekuja baada ya mavuno. Kaburi, alisema huku akiangalia viatu vyake, lingeombwa kusogea.

Nilimuuliza kuhusu njia ya zahanati, ile ambayo kina mama wajawazito hubebwa kwa mkokoteni wa punda mvua ikinyesha. Akaitafuta akasema mfumo hauioni. Nikamwambia twende nikamwonyeshe kwa macho. Akasema macho hayana mahali pa kuingizwa.

"Sasa yetu imeongozaje?" nikamuuliza. "Malori ni ya siku moja moja."

Akanionyesha. Malori hayakuwa na maana sana. Kilichoipa barabara yetu alama nyingi ni kwamba kila siku, Jumapili zikiwemo, kuanzia saa kumi na moja jioni, mstari uligeuka rangi ya chungwa, kisha mwekundu, na ukabaki mwekundu karibu nusu saa. Msongamano mkubwa, katikati ya boma, hasa hasa juu ya kaburi. Kuna simu ilikuwa inaenda hapo, inakwama, kisha inarudi polepole. Mfumo uliichukua kuwa gari lililoshindwa kupita. Akaninong'oneza, kwa kuwa alikuwa kijana mzuri, kwamba msongamano ukikoma kwa mwezi mmoja mfululizo barabara itajifuta yenyewe na kaburi halitaguswa.

Nilimshuku ndugu yangu na pikipiki yake. Nilimshuku pia mjomba, kwamba anafanya mazoezi. Sikumwambia mtu. Alhamisi iliyofuata nilifunga duka mapema, nikaacha gari kwa jirani, nikajibanza kwenye kichaka cha miiba nyuma ya ua wa mnyaa nikiwa na ramani mkononi na fimbo kwapani. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye duka, amechuchumaa kichakani akisubiri kukamata msongamano.

Saa kumi na moja kasoro mstari ulikuwa mweupe. Saa kumi na moja na dakika chache ukageuka rangi ya chungwa. Nikachungulia, sikuona pikipiki wala lori. Mstari ukawa mwekundu. Nikakaza fimbo, nikainuka nusu, na simu, niliyokuwa nimeizima sauti, ikatetemeka mkononi mwangu.

Alikuwa mama. Mama hunipigia kila siku saa hiyo, na hiyo ndiyo saa mafundi hujaa dukani, kwa hiyo mara nyingi naiacha ilie. Safari hii niliiacha itetemeke kwa sababu nilikuwa nikimwona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kaburi, mahali pekee bomani ambapo simu yake hushika mtandao, simu sikioni, akitazama mbele. Ilipokata, aliishusha akaifuta kwa leso. Akasubiri. Akapiga tena. Ikakata. Akamwambia baba kitu kwa Kikamba, nadhani kwamba niko na wateja, akaendelea kukaa pale na simu mapajani, endapo ningempigia. Kwenye ramani ya nchi nzima, mahali hapo palikuwa pekundu.

Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe. Nikatoka kichakani na miiba yangu.

Nilimweleza yote: kijana, mfumo, mwezi mmoja. Nilimwambia dawa ni rahisi, aache simu ndani ya nyumba, asije nayo hapa, na baba hataguswa. Nilidhani atafurahi. Akaangalia kaburi, akaniangalia mimi.

"Na wewe nitaongea na wewe aje?"

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "ni mwezi mmoja tu."

"Basi wacha wamsongeze," akasema. "Yeye nimeshajua mahali ako. Ni wewe sijui kama umekula."

Miezi yote ile nilikuwa nimegombana na madereva na programu na vijana wa ofisi kwa ajili ya kaburi la baba, nikajiona mtoto mwema kuliko wenzangu. Nilichukua simu yake, nikaizima, nikaiweka kwenye mkoba wangu, nikamwambia saa kumi na moja kila siku atanisikia ana kwa ana.

Nikafanya hivyo. Mwezi mzima nilifunga duka saa tisa alasiri, nikaacha simu yangu kwenye droo ya kaunta ili isije ikahesabiwa, nikaendesha gari hadi Kathonzweni bila ramani. Tuliketi kando ya kaburi tukila viazi vitamu, yeye akinisimulia mambo ambayo kumbe alikuwa ameyaweka kwa muda mrefu: jino linalouma, mbuzi aliyepotea Machi, ndoto zake. Mafundi walihamia duka la mtu mwingine. Malori yalipungua, kisha yakaacha, na siku moja kijana wa ofisi alipita kutuambia kwamba kwenye kishikwambi chake uwanja wetu sasa ni nyasi.

Jioni ile nilimrudishia mama simu yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiangalia bila kuiwasha, akaniuliza kama kesho nitakuja. Nilikuwa nimeshaanza kusema kwamba kesho kuna mzigo wa mabati unaingia dukani.