Vidonge vya Mama Futi

Daktari alimwambia achague. Hebu fikiria: mwanamke ambaye akitoka nyumbani hurudi mara mbili kuhakikisha amezima pasi, unamwekea dawa tatu mezani unamwambia, mama, chagua. Mama Futi alitamani kumrushia zile karatasi zake.

"Mimi nimekuja unitibu," alisema. "Sasa unanipa mtihani?"

Daktari, binti wa rika la mdogo wake wa mwisho, hakukasirika. Alianza upya, polepole. Kidonge cheupe kinamezwa kila asubuhi, kwa miezi mingi. Wiki mbili tatu za mwanzo kinaleta kichefuchefu, kinavuruga usingizi, na wasiwasi wenyewe unaweza kupanda kabla ya kushuka. Cha pinki kinatuliza upesi, lakini kinaleta usingizi mzito, na mwili ukishakizoea, kuachana nacho ni kazi. Cha tatu kinapunguza mbio za moyo tu, mawazo kinayaacha palepale yalipo.

"Na hicho cheupe ukikianza, usikiache ghafla," daktari alisema. "Kikikuchosha, njoo tukipunguze pamoja."

"Kwa hiyo hakuna dawa inayotibu tu, ikanyamaza?"

"Hakuna, mama."

Alitoka pale amenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari.

Kazi ya Mama Futi ilikuwa kukata. Karakana yao ya sare ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na kulikuwa na washonaji kumi na wawili lakini mkataji mmoja. Jina alilipata kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata wakati wa kula. Alipima mara tatu, na ya nne kwa ajili ya shetani. Wenzake walimtania, lakini kwa miaka kumi na tisa hakikuharibika kitambaa mkononi mwake. Na hapo ndipo ilipokuwa shida yake, maana yeye mwenyewe aliamini kabisa kwamba kazi ile ilikuwa inafanywa na woga. Ukiutoa woga, je, mkono utabaki?

Lakini woga huo ulikuwa umemla. Kila alfajiri aliamka moyo unadunda kana kwamba kuna mtu anagonga mlango. Siku ya mahafali ya mwanawe wa pekee alikaa chooni saa nzima ameshika bomba la sinki, akiamini kwamba anakufa, huku jina la mwanawe likisomwa kwenye spika. Hilo hakuwahi kulisamehe.

Nyumbani kila mtu alikuwa daktari. Mumewe, fundi wa mafriji, alisema, "Hizo ni dawa za kichwa, mke wangu. Ukizianza, basi tena." Mdogo wake muuza vipodozi akasema, "Dada, utanenepa, halafu utakaa kama gogo." Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. "Wasiwasi! Sisi tuliulea wapi wasiwasi, na watoto saba mgongoni?" Mama Futi aliwasikiliza wote kwa adabu, akiuma meno. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuamka na moyo ule.

Mwishoni alichukua chaki, akachora jedwali nyuma ya kiolezo cha zamani cha suruali. Dawa tatu kwa upande mmoja, madhara kwa upande mwingine. Alilitazama siku nne. Cha pinki alikifuta kwanza, kwa kuwa mtu mwenye usingizi hashiki mashine ya kukatia. Cha tatu akakifuta kwa kuwa mawazo ndiyo yaliyokuwa yanamuua. Kikabaki cheupe. Hakukipenda, ila alikichukia kidogo kuliko wenzake.

Wiki za mwanzo zilikuwa balaa. Chai ilimtapisha. Alipiga miayo kiasi kwamba washonaji walianza kumhesabia, mpaka akawaambia ni vidonge tu, bila kusema vya nini. Moyo ulienda mbio kuliko zamani, akampigia daktari simu mara tatu kumuuliza kama kweli hajampa sumu. Kisha, wiki ya sita hivi, alifika kazini, akavaa aproni, akakumbuka kwamba hakurudi nyumbani kuangalia pasi. Wala hakutamani kurudi. Alisimama pale kama mtu aliyetua mzigo na hajui mikono aiweke wapi.

Kukata? Alikata kama kawaida, mara mbili za kupima badala ya nne, na hakuna kilichoharibika. Lakini nani aliliona hilo? Waliona miayo tu. Mumewe aliona kwamba saa mbili usiku mkewe ameshalala, na hata akiwa macho, yale mambo ya mume na mke hayamjii. "Nimeoa mto," alisema siku moja, akijifanya anatania. Mdogo wake alimwangalia kiunoni, akasema, "Si nilikwambia?" Na msimamizi wa karakana, mzee mpole mwenye miwani mikubwa, akaanza kumuuliza kila asubuhi, "Mama Futi, uko nasi?" Aliulizwa hivyo mpaka akachoka hoi.

Basi siku ya Alhamisi, kwa hasira, akaacha. Hakumwambia mtu, hata daktari. Vidonge alivifungia kabatini nyuma ya mashuka, akajiambia kwamba sasa watamwona yule wanayemtaka.

Walimwona. Siku ya tano bila dawa kichwa kilikuwa kinamzunguka, na kila akigeuza macho alihisi kitu kama cheche za umeme ndani ya fuvu. Moyo wa alfajiri ulikuwa umerudi na ndugu zake wote. Na siku hiyo hiyo kulikuwa na mashati ya wauguzi ya kukata, kitambaa chenye uso mmoja unaong'aa. Kitambaa cha namna hiyo hutandazwa tabaka la kwanza uso juu, la pili uso chini, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukikata, kila tabaka mbili zinakupa mbele ya shati moja, kipande cha kulia na cha kushoto. Ukisahau kugeuza, unapata vyote vya upande mmoja. Hilo ni kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza, na huchekwa kwalo mpaka anastaafu.

Mama Futi alitandaza, akahesabu tabaka: arobaini. Akahisi amekosea, akahesabu tena. Akapima kingo. Akahesabu mara ya tisa, jasho likimtiririka, akiwa na hakika kwamba kuna kitu kimoja kibaya na hakioni. Alikuwa anatafuta idadi. Nyuso za kitambaa hazikumjia akilini. Akakata.

Mshona kola ndiye aliyekuja amebeba bunda. "Mama Futi, nipe na mbele za kulia."

"Zimo humo."

"Humu zote za kushoto."

Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Msimamizi alimwita ofisini, akamvutia kiti. Mbele yake kulikuwa na fomu ya hasara, imeshajazwa, imebaki sahihi tu.

"Wala usijieleze," alisema. "Sote tunajua. Tangu uanze vile vidonge umezubaa. Nawaandikia wakubwa kwamba ni dawa, yaani si wewe. Ziache, kaa na washona vifungo mwezi mmoja, halafu unarudi kwenye meza yako. Nimeshazungumza nao."

Mama Futi aliangalia ile fomu. Kwenye mstari wa sababu palikuwa na neno moja tu: *Dawa*. Alichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa. Meza ingerudi, jina lingerudi, mume angefurahi, mdogo mtu angesema si nilikwambia. Na yeye angeishi na ule moyo wa alfajiri mpaka siku ya kuzikwa. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka, hasira ya miezi yote ile ya kushauriwa na kupimwa kwa macho.

"Sikuwa nimemeza," alisema.

"Unasemaje?"

"Leo siku ya tano sijameza hata kimoja. Yale mashati mia mbili ya mwezi uliopita niliyakata napiga miayo, na hakuna lililoharibika. Haya nimeyakata bila dawa. Uliyekuwa unamuuliza kama yuko nasi, ndiye aliyekuwa anakata vizuri."

Msimamizi alivua miwani. "Mama Futi, nisikilize. Nikiandika dawa, hilo ni jambo la kupita: unaziacha, limekwisha. Nikiandika hivyo unavyosema, wakubwa watajua una ugonjwa. Meza siwezi kukuahidi."

"Najua."

"Utakaa kwenye vifungo, na sijui mpaka lini."

"Nimesikia, mzee." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na aliiacha itetemeke. Alikuwa hajawahi kutamka neno la ugonjwa wake ndani ya jengo hili, miaka kumi na tisa. "Mimi naumwa. Futa hapo, uandike: aliacha kumeza dawa."

Mzee akachukua rula, akalikata lile neno kwa mstari mmoja, na akaanza kuandika.