Anwani ya Ujerumani na Kazi ya Furaha

Mi naona haya hata kusimulia, lakini kwa kuwa mmeshaanza kunicheka bila kukijua kisa chenyewe, kaeni basi mcheke vizuri.

Mnajua napenda kujaribu mambo ya kompyuta kabla hayajatoka. Kulikuwa na hifadhi moja mpya mtandaoni (ya majaribio bado, wenyewe wanaomba watu waijaribu), na jamani, niliipenda! Kuna mtandao wa kuficha watu, ujumbe wako unapitishwa kwenye kompyuta za watu wa kujitolea duniani kote mpaka asijulikane aliyeutuma; sasa hifadhi ile imeweka kumbukumbu za kompyuta hizo zote, saa kwa saa, we unaandika anwani ya kompyuta, siku na saa, papo hapo inakujibu kama anwani ile ilikuwa inapitisha ujumbe wa watu ama la. Aliyeitengeneza ana akili, kusema kweli.

Siku zilezile mtu asiyejulikana aliandika kwenye tovuti ya ushirika wetu wa washonaji, hapa Ngagara, kwamba mwenyekiti wetu Mama Mwajuma hajui kushona hata kifungo. Anwani ya ujumbe ilikuwa ya Ujerumani. Na nani ana ndugu Ujerumani? Furaha, karani wetu, aliyekimbia vita Uvira, ng'ambo ya mpaka. Barua ya kumfukuza kazi ikaandikwa, ikabaki sahihi tu.

Ningenyamaza! Lakini sijui nilitaka sifa gani, nikasimama mkutanoni na kompyuta yangu, kifua mbele, ngoja mashine iamue. Ujumbe uliingia saa tatu asubuhi, nikaandika 3 (msicheke kwanza), ikajibu kwamba saa hiyo anwani ile haikuwa inapitisha ujumbe wa mtu yeyote.

"Basi umetoka kwa mwenye anwani mwenyewe, huko Ujerumani!" nikatangaza. Mama Mwajuma akachukua kalamu.

Furaha akasogea, machozi yanamlengalenga, sauti imetulia. "Kaka Rajabu, umeandika saa gani mu iyo mashini?"

"Tatu."

"Apana. Yenyewe inaanza kuhesabu usiku wa manane. Umeiuliza saa ya watu kulala."

Nikaweka tisa, nikatoa mbili, maana hifadhi inafuata saa za dunia zilizo nyuma yetu kwa saa mbili (hilo nalo waliliandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, nikaliruka). Ikajibu: ndiyo. Kompyuta ile ilianza kupitisha ujumbe alfajiri ileile, kwa hiyo mtu yeyote, hata wa mtaa wa pili hapa, angeweza kujificha nyuma yake. Hifadhi haikukosea hata chembe.

"Soma kwa sauti," Furaha akaniambia. Nikasoma. "Tena, mama wa nyuma hawajasikia." Nikasoma tena, ukumbi mzima unacheka, Mama Mwajuma akaichana barua.

Nimeapa, sitamtaja mtu mbele za watu kabla sijamkalisha yeye mwenyewe nikamuuliza. Kesho yake Furaha alinisalimia kama kawaida, "Kaka Rajabu, umeamkaje?" na mi ndiye niliyeshindwa kumtazama usoni.