Bendera ya Adui

Mama Bendera, fundi cherehani wa jeshi, alikuwa ameshona bendera za kufunikia majeneza mpaka macho yakamchoka. Ya mwanawe, aliyeuawa mpakani, aliishona peke yake. Hakutaka mkono wa mtu mwingine uiguse. Tangu hapo, mtu akitaja mazungumzo na adui, alimjia juu: "Kazungumze wewe uliyebaki na wanao!"

Leo wakubwa wakaagiza bendera ya adui huyo huyo, ipeperushwe uwanja wa ndege wageni wakija kwa mazungumzo. Mama Bendera alisonya, akaketi kwenye cherehani. Kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza.

Binti yake aliikagua, akashangaa. "Mama, mbona haina vitanzi vya kamba? Itapandaje mlingotini?"

Bendera za majeneza hazina vitanzi. Mkono ulishazoea hivyo. Mama Bendera akaikunjua tena, akaanza kuvishona, machozi yakidondokea kitambaa cha watu.

"Kumbe ni kazi ya asubuhi moja tu," alisema. "Sasa walishindwa nini kuniagiza bendera hii kaka yako akiwa hai?"