Haloo Isiyofika

Pale hospitali walimwita Bi Haloo, na jina hilo alilipata kihalali. Simu ya mapokezi ilikuwa haijamaliza mlio wa kwanza, mkono wake umeshafika. Anayepiga hospitali hapigi kwa raha zake, alikuwa akisema, kwa hiyo asingojeshwe.

Ghafla watu wakaanza kulalamika kwamba simu inaita, inaita, haipokelewi. Mkuu wa ofisi akamtupia mama wa watu lawama zote: amechoka, hasikii, mwisho wa mwezi akapumzike. Na kweli, wenzake wakikalia kiti kile, simu zilisikika vizuri tu. Bi Haloo hakubisha. Alikuwa akipokea, akisema haloo, akiambulia kimya, na moyoni alishaamini masikio yamemtupa mkono.

Fundi wa simu za mtandao alikuja shingo upande, maana mitambo yake aliiamini kuliko watu. Akapiga kwa simu yake ya mkononi, akapokea ile ya mezani taratibu, huku akipiga miayo. Safi. Alikuwa ameshafunga begi alipomwomba Bi Haloo apokee mara moja, kumridhisha tu. Akapokea, kufumba na kufumbua. Simu ya fundi ikaendelea kuita sikioni, na mama yuko mbele yake anasema haloo, haloo, machozi yakimlengalenga.

Fundi akafungua begi upya, akatoa kompyuta. Simu za namna hii huongozwa na ujumbe mfupi mfupi unaopita kwenye seva, kompyuta inayoziunganisha: kwanza "inaita", halafu "imepokelewa". Hapa "imepokelewa" ilikuwa imetangulia, na "inaita" ikaja nyuma yake, basi simu ya mpigaji ikarudi kuita, haina habari. Wenzake Bi Haloo walipokea kwa kujivuta, ndiyo maana ujumbe haukukanyagana. Mwenye bidii ndiye aliyeponzwa na bidii yake.

Na seva ile aliichezea nani kama si fundi mwenyewe? Juzijuzi aliigawa kazi ya seva kwa programu nyingi ndogo ili mambo yaende chapuchapu, akasahau kuzikataza zisigombanie simu moja. Aliona aibu. Akapanga upya, ujumbe wote wa simu moja ushikwe na programu moja, kwa zamu. Kisha akaenda kwa mkuu wa ofisi, akamwambia kosa ni lake yeye, si la mama.

Aliporudi mapokezi akapiga. Simu ikalia. Bi Haloo akaitazama, mikono mapajani. Ikalia tena, na yeye maishani mwake hakuwahi kuiacha ifike hapo.

Fundi akakata. "Pokea kama zamani, mama," alimwambia, akapiga upya.

Safari hii mlio haukumalizika.

"Haloo," alisema, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama ina watu.

"Nakusikia, mama."

Fundi alikuwa hapo hapo mbele yake, lakini Bi Haloo alimgeuzia kisogo, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Sema tena, mwanangu," aliomba.