Matairi ya Shemasi

Kasoki wa Butembo hapendi kubahatisha. Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao huko Ixelles, ughaibuni: anawaogesha, anawapa dawa, na inapobidi anawapeleka hospitali kwa gari lake dogo la kijivu. Kwa hiyo, baridi ilipokwisha na wakati wa kufunga matairi ya kiangazi ukafika, hakukimbilia kununua. Alianza kwa kuomba lifti kwenye magari ya wenzake.

Gari la Jémima, muuguzi anayefanya naye kazi, lilikuwa na matairi ya bei kali. Lilipita juu ya barabara za mawe kimya, ukadhani umeketi kwenye kochi. Omari, Mtanzania anayelinda ofisi moja karibu na Schuman, alikuwa na yale ya bei ya chini kabisa. Yalinguruma hata redio haikusikika, na mvua iliponyesha alikumbatia usukani kwa mikono miwili.

"Haya, dada, unaendesha slow tu," alimwambia. "Na brake unaanza kukanyaga mapema."

Kasoki akaamua kununua ya katikati, yale yanayosifiwa kwa kusimama upesi penye maji, yasiyopiga kelele sana wala kulika haraka. Alikwisha kuchagua hata jina lake. Ndipo mumewe, Désiré, akamtaja Constant.

"Juu ya nini uende ku garage?" alisema. "Papa Constant anauzisha ile ile marque. Tena ni diacre wetu."

Constant alikuwa shemasi katika kanisa lao, hatua chache kutoka Matonge, mtaa wa Wakongo, na sauti yake ilipendwa na wote wakati wa maombi. Alikuja na matairi meusi yanayong'aa, akayafunga mwenyewe, kisha akaweka mkono juu ya boneti na kuliombea gari lile lisipatwe na baya. Kasoki aliitikia amina.

Mvua ya kwanza kubwa ilimkuta akiteremka kuelekea Flagey, na pembeni yake ameketi Maman Cécile, bibi wa Lubumbashi aliyekuwa akimrudisha kutoka kwa daktari. Mbele yao basi likasimama. Kasoki akakanyaga breki. Gari halikusimama. Liliteleza juu ya mawe, likavuka reli za tramu kama sabuni, likagonga nguzo.

"Maman, umeumia?"

Maman Cécile alikuwa ameshika mkono wake kifuani. "Mukono," alisema taratibu. "Naona umevunjika, mwana yangu."

Gari la wagonjwa lilipokwisha kumchukua, Kasoki alichuchumaa kwenye mvua na kupapasa tairi. Vidole vyake vikatoka vyeusi, vinanata, vinanuka rangi. Ile rangi ilikuwa ikimiminika pamoja na maji kuelekea mtaroni. Chini yake kulikuwa na tairi kuukuu lenye kipara kitupu. Mifereji ilikuwa imechongwa kwa kisu cha moto, kwa kina hata nyaya za ndani zilichungulia. Kasoki amezoea kuosha vidonda vilivyooza na kubadilisha nepi za watu wazima, na havimsumbui. Siku ile alitapika kando ya barabara.

Alimkuta Constant kwenye banda lake huko Anderlecht, anakula. Harufu ya rangi ilikuwa imejaa humo ndani, nzito, imechanganyika na ya samaki wa kukaanga.

"Maman Kasoki, karibu. Nawa mikono, tukule."

"Papa Constant, Maman Cécile amevunjika mukono. Ile pneu ulinipa ni bintu ya kutupa."

Hakushtuka. Alichambua mwiba, akalamba kidole. "Bon, huku mvua ni mingi, kila muntu anaterezaka. Alors, tumushukuru Mungu, hamukufa. Njo maana niliiombeaka ile gari."

Kasoki alitazama mdomo ule uking'aa mafuta, mdomo ule ule uliokuwa ukimtoa machozi Jumapili, na kinyaa kikampanda tena. Akageuza uso. Hapo ndipo akaona matairi mengine ukutani, makubwa zaidi, yamepakwa rangi ambayo ilikuwa bado mbichi.

"Hii ni ya nani?"

"Ya minibus ya kanisa. Batoto banaenda retraite ya maombi, nazifunga samedi."

Kasoki akatoka bila kuaga.

Jumapili, matairi yale yakiwa yamekwisha kufungwa jana yake, alisimama wakati wa matangazo akaeleza yote. Mchungaji Élisée alijaribu kumkalisha. "Maman, maneno ya ndani tutaongelea ndani."

"Pasta, pneu ziko inje," Kasoki alijibu. "Bamaman batoke, bashike na mikono."

Walitoka. Akina mama wa vitenge vya Jumapili waliinama kwenye ile minibus, mmoja baada ya mwingine, wakarudi wamenyoosha mikono myeusi mbali na nguo zao. Constant alikwisha kupenya kupitia mlango wa nyuma.

Watoto hawakupanda ile minibus. Wazazi waliwapeleka kwa treni. Mkono wa Maman Cécile uliunga, lakini umepinda, na hawezi tena kuinua chungu cha kupikia. Kasoki alikwenda gereji, gari lake likafungwa yale matairi ya katikati aliyoyachagua tangu mwanzo. Yanasimama vizuri, hayapigi kelele. Constant yeye alihamia kanisa jingine, na inasemekana huko nako ni shemasi. Désiré bado anamsalimia. Kwa hilo Kasoki alihama chumba chao kwa muda, akalala na binti zake.

Juzi alikuwa katika duka moja la Matonge akichagua sombe, majani ya muhogo, akahisi mtu nyuma yake.

"Maman Kasoki," Constant alisema, akitabasamu, mkono ameunyoosha. "Donc ile maneno tulishaimaliza, ao?"

Kasoki aliutazama ule mkono, kucha safi, pete mpya. Akaweka kikapu chake chini kama kilivyo, sombe na vyote, akatoka kwenda kununua kwingine.